Kisu na Kalamu: Jinsi Mfanyakazi wa Afrika Mashariki Alivyolitafuta Darasa Lake

Kipande cha shamba la mkonge kilikuwa kadi yenye visanduku 30. Siku ya kazi ikiisha, kisanduku kimoja kilitiwa alama. Visanduku vyote vikijaa, mshahara ukalipwa. Mkataji aliyeshindwa kufikisha idadi ya matita aliyopangiwa alirudi kambini jioni mgongo ukimuuma, na kadi yake ikiwa vilevile kama ilivyoamka. Mwezi wa kalenda ulipita, kipande hakijaisha.

Mkataji huyo, aliyetoka Kigoma, Songea, Urundi au Msumbiji, alishika kisu. Karani na mnyapara walishika kalamu. Kisu ndicho kilichozalisha mali, lakini kalamu ndiyo iliyoamua kisu kimezalisha kiasi gani. Kama mkataji hakujua kusoma wala kuhesabu, alilazimika kuliamini neno la mwenye kalamu, na neno hilo halikuwa na shahidi.

Historia ya elimu ya haki za wafanyakazi katika Afrika Mashariki ni historia ya kisu kuitafuta kalamu. Ninaisimulia kwa ajili ya vijana wanaosoma leo katika vyuo vya ufundi na vyuo vya maendeleo ya wananchi. Vijana hawa wanafundishwa kushika zana kwa ustadi ambao babu zao hawakupewa nafasi ya kuupata, lakini wengi wao wanahitimu bila kufundishwa kusoma kipande chao.

Kadi na kikopo, 1893–1939

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miongo iliyofuata mashamba yakaenea kutoka Tanga kuelekea Korogwe na kwingineko. Mashamba hayo yalihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana karibu, kwa hiyo watu waliandikishwa mbali, wakasafirishwa kwa makundi na kupewa namba. Ndipo walipopata jina la manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na neno hilo likaingia katika midomo ya watu kama jina la safari isiyojulikana mwisho wake.

Kenya nayo ilikuwa na kipande cha aina nyingine. Kuanzia karibu na mwaka 1920, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuwa na hati yenye alama za vidole vyake na orodha ya waajiri wake, na wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Aliyeondoka kazini bila mwajiri kutia saini aliweza kutafutwa na polisi kama mhalifu. Hati ilikuwa shingoni mwa mfanyakazi, lakini haikuwa yake: iliandikwa na wengine na kusomwa na wengine.

Waliojua kusoma ndio waliotangulia kujipanga. Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba na makarani wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Walikuwa wachache, watu wa kanzu safi na suti, na madai yao yalihusu vyeo na mishahara ya makarani. Lakini walionyesha jambo moja ambalo wengine waliliona: watu wa kazi moja wakikaa pamoja, wakasoma pamoja na kuandika barua moja, barua hiyo hujibiwa.

Mwaka 1937 Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alianza kuchapisha gazeti la Kiswahili liitwalo Kwetu. Gazeti la namna hiyo halikusomwa na mnunuzi peke yake. Mmoja alisoma kwa sauti, kumi wakasikiliza, na mjadala ukaendelea hadi giza. Kabla ya kuwapo kwa chuo chochote cha wafanyakazi, darasa lilikuwa baraza, na mwalimu alikuwa yule aliyejua herufi.

Kiwanda cha chapa na Kiwanja cha Maskini, 1935–1950

Nairobi darasa hilo lilipata mashine. Makhan Singh, aliyezaliwa Punjab mwaka 1913 na kufika Kenya mwaka 1927, alifanya kazi katika kiwanda cha chapa cha baba yake. Mwaka 1935 alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, na muda si muda akawashawishi wenzake waondoe neno la asili katika jina la chama ili mfanyakazi wa rangi yoyote ajiunge. Kikawa Labour Trade Union of Kenya. Vipeperushi vyake vilitoka kwa lugha za Kihindi na kwa Kiswahili. Mwaka 1937 mgomo wa chama hicho ulidumu siku 62, na waajiri wakaongeza mishahara.

Kitendo cha kuchapa kipeperushi kwa Kiswahili ni rahisi kukipita, lakini ndicho kilichobadilisha mambo. Hadi hapo, elimu ya kazi ilikuwa amri iliyoteremka kutoka juu: fanya hivi, fika saa fulani, usifanye vile. Kipeperushi kilisafiri kutoka mfanyakazi mmoja hadi mwingine, kikieleza bei ya unga, kodi ya chumba na mshahara wa mwezi, kisha kikauliza hesabu hiyo inakubalije.

Mwaka 1939 makuli wa Mombasa waligoma, na wale wa Tanga wakafuata. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, bei za vyakula na nguo zilikuwa zimepanda na mishahara imebaki nyuma. Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama. Makuli, watu wa reli, wa mahotelini na watumishi wa majumbani, takriban 15,000 kwa jumla, waliacha kazi kwa siku 12. Kila siku walikutana katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini.

Kiwanja kile kinastahili kukumbukwa kama chuo. Watu wa bara na wa pwani, waliokuwa wakitenganishwa na kabila, dini na aina ya kazi, walisimama kwenye vumbi moja wakasikiliza hoja za malipo sawa kwa kazi sawa. Walijifunza kuchagua wasemaji, kupitisha azimio, kukusanya michango na kusubiri jibu bila kutawanyika. Kutoka hapo likatoka shirikisho lililoongozwa na kijana msomi, Chege Kibachia. Baraza la usuluhishi lililoundwa baadaye lilipandisha mishahara ya makundi kadhaa. Kibachia mwenyewe alikamatwa Agosti mwaka huohuo akapelekwa uhamishoni Baringo, mbali na bandari, kwa miaka mingi.

Moto ulikuwa umevuka mpaka. Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukafuata reli hadi bara. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Unguja.

Serikali ya kikoloni ilisoma alama za nyakati kwa namna yake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1940 kuhusu maendeleo ya makoloni ilikuwa imeyataka makoloni yanayopokea fedha yawe na sheria za vyama vya wafanyakazi. Kwa hiyo London ilianza kutuma washauri waliotoka katika vyama vya Uingereza. Aliyekuja Kenya mwaka 1947 alikuwa James Patrick, Mskoti. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza Waafrika waunde vyama vya kufuata taratibu: kutunza kumbukumbu za vikao, kuhesabu ada, kujadiliana na mwajiri, na kukaa mbali na siasa.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali ambalo halijatuacha hadi leo. Kutunza hesabu za chama ni elimu ya lazima. Chama kisicho na vitabu huliwa na viongozi wake. Lakini je, mfanyakazi afundishwe pia kuuliza kwa nini mshahara wake umepangwa na mtu ambaye hawezi kumpigia kura? Makhan Singh alijibu bila kusita. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya Afrika Mashariki, na Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alidai uhuru wa nchi hizi hadharani. Katikati ya Mei alikamatwa. Alikaa kizuizini hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka 11.

Njia ya Oxford, 1899–1956

Ili kuelewa vyuo vilivyofuata, lazima turudi nyuma kidogo, Uingereza. Mwaka 1899 Wamarekani wawili, Walter Vrooman na Charles Beard, walianzisha mjini Oxford chuo cha watu wa kazi za mikono kilichokuja kuitwa Ruskin. Wachimba makaa na watu wa reli walikwenda kusoma uchumi, historia na siasa, kisha wakarudi kwenye vyama vyao. Mwaka 1909 wanafunzi hao hao waligoma. Walimtetea mkuu wao, Dennis Hird, aliyekuwa akiondolewa, na waliona kwamba masomo yanavutwa yawafae mabwana wa chuo kikuu jirani. Baadhi yao wakaenda kuanzisha chuo chao wenyewe.

Mgomo huo wa darasani ulibeba ugomvi uleule: nani anaamua mfanyakazi asome nini? Tutaukuta tena Kampala, Dar es Salaam na Nairobi.

Mwaka 1955 Ruskin ilimpokea Tom Mboya. Alizaliwa mwaka 1930 Kilima Mbogo, katika shamba la mkonge ambako baba yake alikuwa msimamizi. Alisomea ukaguzi wa afya katika shule ya Jeanes, Kabete, akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi, na huko akagundua kwamba mkaguzi Mwafrika analipwa pungufu ya Mzungu anayefanya kazi ileile. Alianza kuunganisha watumishi wa baraza, na mwaka 1953, akiwa na miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Kenya. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku na viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikuwa kizuizini. Mboya alisema yale ambayo wengine hawakuweza kuyasema, kwa sababu alijua sheria ya vyama inamruhusu kusema nini.

Machi 1955 alisaidia kumaliza mgomo wa bandari ya Mombasa. Mwaka huohuo alifika Dar es Salaam na kuwahimiza viongozi wa huko waungane. Oktoba 1955 lilizaliwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, na katibu mkuu wake wa kwanza akawa Rashidi Mfaume Kawawa, mtumishi wa serikali ambaye watu wengi walikuwa wamemwona katika filamu ya Muhogo Mchungu. Mboya alimaliza mwaka wake Oxford, akapitia Marekani, na fedha za vyama vya wafanyakazi vya huko zikasaidia kujenga jumba la Solidarity jijini Nairobi.

Kampala na Kivukoni, 1958–1961

Nafasi za Oxford zilikuwa chache, na mtu mmoja kwa mwaka hawezi kufundisha bandari nzima. Wanachama wa TFL na wa shirikisho la Kenya waliongezeka kwa maelfu. Kila tawi lilihitaji mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mweka hazina aliyekuwa akipakia magunia asubuhi alitakiwa jioni aandike vocha. Wapi angejifunza?

Jibu la kwanza lilikuja Novemba 1958, pale shirikisho la kimataifa la vyama huru vya wafanyakazi, ICFTU, lilipofungua chuo chake cha Afrika mjini Kampala. Mkuu wake wa kwanza, Sven Fockstedt, alitoka Sweden, nchi ambayo elimu ya watu wazima na vyama vya wafanyakazi vilikua pamoja tangu mwanzo wa karne. Miongoni mwa walimu alikuwamo George McCray, Mmarekani Mweusi. Wanafunzi kutoka nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza walikaa miezi kadhaa wakisoma historia ya vyama, uchumi, uwekaji hesabu na majadiliano na mwajiri.

Lakini ulimwengu ulikuwa umegawanyika pande mbili, na kila upande ulitaka mfanyakazi wa Afrika awe mwanafunzi wake. Ujerumani Mashariki iliwapokea Waafrika katika chuo cha vyama huko Bernau. Israeli ilifungua taasisi yake Tel Aviv mwaka 1960. Zanzibar vyama vyenyewe viligawanyika katika mashirikisho mawili yaliyofuata kambi mbili za dunia na kambi mbili za siasa za visiwani. Safari za masomo zilikuwa nyingi kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Wengi walinufaika. Hata hivyo, mwanafunzi aliyerudi na vitabu alirudi pia na swali la jirani yake: nani amekulipia nauli?

Jibu la pili lilikuwa la nyumbani. Joan Wicken, Mwingereza aliyekuja Tanganyika miaka ya 1950 na kufahamiana na Julius Nyerere, alizunguka akichangisha fedha za chuo cha watu wazima ambacho kingefuata mfano wa Ruskin na wa vyuo vya wananchi vya nchi za Skandinavia. Chuo cha Kivukoni kikafunguliwa mwaka 1961, miezi michache kabla ya uhuru.

Mahali pake pana maana. Kutoka mjini Dar es Salaam unapanda kivuko, unavuka mlango wa bandari, unashuka Kigamboni, na chuo kiko pale ufukweni. Kutoka huko mwanafunzi aliona meli zikiingia na kutoka, zikibeba mkonge, kahawa na pamba: kazi ya mikono ya watu kama yeye. Wengi hawakuwa na vyeti vya kuingia chuo kikuu. Walikuwa makarani, makatibu wa matawi, viongozi wa ushirika, watu ambao maisha yalikuwa yamewafundisha mengi na shule ikawaacha njiani. Walisoma siasa, uchumi na historia, wakajadili, kisha wakarudi walikotoka. Kwa muda mfupi, kisu na kalamu vilikaa katika mkono mmoja.

Chama kimoja, kalamu moja, 1962–1969

Uhuru ulipokuja, vyama vya wafanyakazi vilitarajia kuendelea kudai. Serikali mpya ilitarajia utulivu ili ijenge nchi. Kila upande ulikuwa na hoja. Wafanyakazi wa mshahara walikuwa sehemu ndogo ya wananchi, na Nyerere aliona kwamba mgomo wa wachache unaweza kula jasho la mkulima. Viongozi wa vyama nao waliona kwamba mwajiri hageuki kuwa mwema kwa kubadilisha bendera.

Mwaka 1962 Tanganyika ilipitisha sheria zilizoubana mgomo na kuyaweka mashirikisho chini ya uangalizi wa serikali. Waziri mkuu wakati huo alikuwa Kawawa, yuleyule katibu mkuu wa kwanza wa TFL. Mwanzoni mwa 1963 Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashambani, alipelekwa uhamishoni Sumbawanga. Januari 1964 wanajeshi waliasi, na baada ya maasi kuzimwa viongozi wengi wa vyama walikamatwa. Februari TFL ikafutwa na badala yake ikaundwa NUTA, chama kimoja kwa nchi nzima, katibu mkuu wake akiteuliwa na rais.

Sheria nyingine ya mwaka 1964, ya usalama wa kazi, iliunda kamati za wafanyakazi katika sehemu za kazi na kumzuia mwajiri kumfukuza mtu kwa hasira za asubuhi. Hilo lilikuwa jambo jema na la kweli. Mfanyakazi alipata ulinzi, lakini alipoteza sauti ya kuchagua anayemsemea. Alipewa samaki, ndoana ikawekwa kabatini.

Kenya ilifuata njia yake kuelekea palepale. Mwaka 1965, baada ya ugomvi mkali kati ya mashirikisho, serikali iliunda COTU, shirikisho moja kwa nchi nzima. Uganda ilikifunga chuo cha Kampala mwaka 1968. Tarehe 5 Julai 1969 Mboya alipigwa risasi katika mtaa wa Nairobi. Mwaka huohuo Makhan Singh alichapisha kitabu cha historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi 1952. Mtu aliyefungiwa zaidi ya miaka 11 ili watu wasimsikie alikaa chini akaandika kumbukumbu, ili darasa lisikose kitabu. Alifariki mwaka 1973.

Waraka na kiwanda, 1970–1978

Tanzania ilikuwa bado na sura moja ya kipekee. Mwaka 1970 Rais Nyerere alitoa waraka wa kuunda mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Februari 1971 TANU, chama tawala, ikatoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikawakataza viongozi kuwaonea na kuwadharau wanaowaongoza. Mwaka huohuo Kivukoni ikawa chuo cha itikadi cha chama.

Kilichotokea baada ya hapo kinaonyesha nguvu ya maandishi yakimfikia mtu anayeyahitaji. Wafanyakazi waliishika ibara ya 15 kama walivyoweza kushika sheria. Meneja akitukana, walimsomea. Asipobadilika, walisimamisha mashine. Migomo ya 1971 hadi 1973 mara nyingi haikuhusu mshahara, ilihusu heshima. Juni 1973, katika kiwanda cha mipira cha Mount Carmel jijini Dar es Salaam, walikwenda mbali zaidi: walikitwaa kiwanda na kukiendesha wenyewe. Serikali haikuruhusu jambo hilo liwe desturi, na wimbi likazimwa.

Mwaka huohuo wa 1973 Kawawa, waziri mkuu kwa mara nyingine, alitoa waraka juu ya elimu ya wafanyakazi. Kila sehemu ya kazi ilitakiwa iwe na madarasa, tena ndani ya saa za kazi. Kusoma na kuandika, hesabu, siasa, ujuzi wa kazi: vyote vilikuwamo. Viwandani ubao uliegemezwa ukutani, madaftari yakagawiwa, na watu wazima wenye mafuta ya mashine vidoleni wakaandika majina yao kwa mara ya kwanza.

Siwezi kuupima waraka ule kwa neno moja. Uliwapa maelfu ya watu kalamu, na mtu aliyepewa kalamu hawezi kunyang'anywa tena. Papo hapo, somo la haki lilifundishwa na mwajiri, ambaye alikuwa serikali, kwa vitabu vilivyoandikwa na chama, ambacho kilikuwa serikali. Mfanyakazi alifundishwa wajibu wake kwa kina na haki zake kwa kifupi. Mwaka 1978 NUTA ilipogeuzwa kuwa JUWATA, jumuiya ya CCM, chama tawala kilichorithi TANU, duara likafungwa.

Vyuo viwili vya kumbukumbu, 1975–2004

Mwaka 1975 ilipandwa mbegu nyingine, na hii ndiyo inayotuhusu zaidi leo. Kwa msaada wa Sweden, serikali ilianza kufungua vyuo vya maendeleo ya wananchi wilayani, ambako kijana au mtu mzima angesoma useremala, ushonaji, uashi au kilimo pamoja na elimu ya uraia. Leo viko zaidi ya 50. Mfano wake ni vyuo vya wananchi vya Skandinavia, vilevile vilivyowapa waanzilishi wa Kivukoni wazo lao, na msingi wake ni kwamba fundi ni raia kabla hajawa fundi.

Kenya, katika miaka ya 1980, COTU ilipata chuo chake Kisumu, kikapewa jina la Tom Mboya.

Kisha ukaja upepo wa soko huria. Mashirika ya umma yaliuzwa au kufungwa, maelfu walipunguzwa kazi, na madarasa ya viwandani yakafa pamoja na viwanda vyenyewe. Mwaka 1991 sheria iliiondoa JUWATA katika chama tawala ikaunda OTTU badala yake, vyama vya sekta vikachipua, na mwanzoni mwa karne mpya likaja shirikisho la TUCTA. Mwaka 1994 iliundwa VETA kusimamia mafunzo ya ufundi stadi. Mwaka 2004 Tanzania ikapitisha sheria mpya ya ajira na mahusiano kazini, na Kenya ikapitisha zake mwaka 2007. Kivukoni ikawa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere.

Sheria ziliandikwa upya, vyuo vikapewa mitaala mipya, lakini viwili hivyo havikukutanishwa. Mtaala wa ufundi uliandikwa kwa lugha ya soko la ajira: mhitimu aajirike. Neno hilo, kuajirika, linamweka kijana upande mmoja tu wa meza.

Darasa la saa mbili, leo

Hebu tuchukue kijana anayehitimu umeme wa majumbani, na tumpe somo moja la saa mbili ambalo wengi hawalipati.

Mwalimu aandike ubaoni mshahara wa mwezi, shilingi 390,000. Sheria ya Tanzania inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Mwezi una wiki 4 na theluthi moja hivi, kwa hiyo mshahara wa wiki ni takriban 90,000, na wa saa moja ni 2,000. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu: 3,000. Akifanya saa 10 za ziada katika mwezi, anastahili 30,000. Mwajiri akimpa 20,000 "ya soda" na kumpiga bega, kijana asiyejua hesabu hii atashukuru.

Kisha mwalimu aongeze: mkataba wa maandishi unaoeleza kazi, saa na malipo, likizo ya mwaka ya siku 28, likizo ya uzazi ya siku 84, mchango wa mfuko wa hifadhi ambao mwajiri haruhusiwi kuukata wote kutoka kwa mfanyakazi, mfuko wa fidia ambao mfanyakazi hachangii kabisa, unaomlipa akianguka ngazini, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako mtu anaweza kwenda bila wakili. Mwisho aeleze namna wafanyakazi wanavyofungua tawi la chama na kujadiliana kuhusu mkataba wa hali bora.

Somo hili halihitaji karakana mpya wala mashine. Linahitaji ubao, sheria iliyochapishwa kwa Kiswahili, na mwalimu aliyeruhusiwa kulifundisha. Liingie katika kila chuo cha ufundi cha Tanzania, kila chuo anuwai cha Kenya na kila chuo cha maendeleo ya wananchi. Liwe na mtihani kama masomo mengine, kwa sababu kisichotahiniwa huachwa. Na historia hii imetuonya kuhusu anayelifundisha: likishikwa na mwajiri peke yake litakuwa somo la utii, likishikwa na mfadhili litafuata nauli, likishikwa na chama tawala litakuwa hotuba. Vyuo viwaalike viongozi wa matawi, maofisa kazi na mafundi wenye miaka 20 kazini, wakae mbele ya vijana, waulizwe maswali.

Kipande chenye visanduku 30 kimekwisha kutoweka. Siku za kazi sasa huandikwa katika kompyuta ya mhasibu, au katika daftari la msimamizi wa ujenzi, au haziandikwi popote. Ndiyo maana kijana anayeingia kazini Jumatatu ijayo anapaswa kuwa na daftari lake mwenyewe: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kiasi alicholipwa. Mkata mkonge wa Korogwe hakuwa na daftari hilo, na hakuna aliyemfundisha kulitunza. Yeye tumechelewa kumfundisha. Huyu wa Jumatatu bado yuko darasani.